Kutoka taa za mjini hadi nyota: je, kamera yangu inatosha?

Swali: Mimi ni mpiga picha wa kujifurahisha tu. Nina kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi, ile yenye kihisi kidogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), pamoja na lenzi ya milimita 18–55 iliyokuja nayo na nyingine ya 55–200. Kwa muda mrefu nimekuwa nikipiga mitaa, watu na magari ya jioni, na picha hizo zinaniridhisha. Hivi karibuni nimegeukia angani na kila kitu kimeharibika. Mwezi unatoka duara jeupe lisilo na alama yoyote, nyota zinakuwa madoa yaliyovimba, na anga lote linageuka rangi ya chungwa. Nimeambiwa kamera yangu ni ndogo kwa kazi hiyo. Je, ninunue nyingine? Na je, itanibidi niachane na picha za mjini ili nijifunze anga vizuri?

Jibu: Ndugu yangu, kamera usinunue, na mji usiuache. Matatizo uliyoyataja ni matatu, kila moja lina chanzo chake, na hakuna hata kimoja kilichomo ndani ya kamera yako. Mwezi umeupa mwanga kupita kiasi. Nyota hukuzilenga sawasawa. Anga la chungwa ni taa za mji zinazopanda juu, zikagonga vumbi na mvuke uliomo hewani, kisha zikarudi kwenye lenzi yako. Aliyekwambia kamera ni ndogo alikuwa na hoja moja ya kweli: kihisi kikubwa hukusanya mwanga zaidi. Lakini hata kihisi kikubwa kingekupa Mwezi ulioungua, nyota zilizovimba na anga la chungwa, tena kwa fedha nyingi zaidi.

Nianze na hili la mji, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kuelewa mengine yote. Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alielekeza kamera yake dirishani jijini Paris akapiga picha ya Boulevard du Temple, barabara iliyokuwa na pilikapilika za watu na magari ya farasi. Bamba lake, lililofanya kazi ya kihisi cha leo, lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, kwa hiyo kila aliyekuwa akitembea alipotea kabisa. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama aking'arishiwa viatu, pamoja na mng'arishaji wake aliyefifia pembeni. Mwaka 1840 John William Draper akapata picha ya Mwezi akiwa New York. Mwaka 1850 John Adams Whipple na William Cranch Bond wakaipiga picha nyota Vega kwa darubini ya Harvard, nyota ya kwanza kupigwa picha ukiacha Jua letu. Kutoka barabarani hadi kwenye nyota ilichukua miaka 12 tu, na wote walishughulika na jambo lile lile: mwanga unapewa muda gani, na ni nini kinachosogea ndani ya muda huo.

Wewe tayari unalijua jambo hilo kwa vitendo. Ukipiga mtembea kwa miguu kwa kasi ya shata (kile kimlango kinachoruhusu mwanga kuingia) ya 1/250 ya sekunde, anasimama wima katikati ya hatua. Ukimpiga kwa 1/15 anakuwa mvuto wa rangi. Ukiifungua shata kwa sekunde 15 juu ya tripodi, yaani kile kishikio cha miguu mitatu, magari yenyewe yanatoweka na taa zao zinabaki zikiwa mistari mirefu myekundu na myeupe. Angani ni hivyo hivyo, isipokuwa huko anayesogea ni wewe, maana umesimama juu ya dunia inayozunguka nyuzi 15 kila saa. Ndiyo maana nasema mji usiuache. Mtu aliyezoea kupiga barabara ya usiku kwa tripodi huwa na zaidi ya nusu ya ujuzi anaouhitaji kwa nyota.

Sasa Mwezi. Watu husahau kwamba Mwezi hauko gizani. Tunachokiona usiku ni mwamba ulioanikwa juani, Jua lile lile linalotuangazia mchana na karibu kwa umbali ule ule. Kamera ikiachiwa ijiamulie, inatazama fremu nzima, inakuta giza tele na doa moja dogo la mwanga, halafu inaongeza mwanga mpaka lile giza liwe kijivu. Hapo Mwezi lazima uungue. Weka kila kitu kwa mkono: tundu la lenzi f/11 (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka), ISO 100 (kiasi ambacho kamera inakuza mwanga), shata 1/100 au 1/125. Kanuni ni rahisi kukumbuka: kwa Mwezi mpevu ulio juu, kwenye f/11, namba ya shata ifuate namba ya ISO. ISO 200, shata 1/200. Mwezi ukiwa nusu haufikishi hata nusu ya mwanga huo, mwanga wake ni mchache kuliko hapo, kwa hiyo fungua tundu hadi f/5.6. Na kwa maoni yangu Mwezi nusu ndio mzuri zaidi kupiga ukiwa peke yake, kwa sababu pale mwanga unapopakana na giza vivuli huwa virefu na mashimo yote yanajitokeza. Mwezi mpevu unaangazwa moja kwa moja usoni, hauna vivuli, kwa hiyo hata ukipigwa vizuri huonekana bapa.

Kwamba mwanga wa Mwezi unajulikana mapema si jambo dogo. Mwaka 1941 mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alikuwa akisafiri New Mexico, akaona Mwezi ukipanda juu ya kijiji cha Hernandez huku jua la mwisho likiangazia misalaba ya makaburi. Alitega kamera yake kubwa haraka, lakini kipima mwanga hakikuonekana. Alichofanya ni kukumbuka kiasi cha mwanga wa Mwezi alichokuwa amekihifadhi kichwani na kupiga hesabu kuanzia hapo. Muda mfupi baadaye jua likatoka kwenye misalaba ile. Picha hiyo ni moja ya picha maarufu kuliko zote za karne ya 20, na ndani yake mandhari ya ardhini na anga yamekaa pamoja.

Hapo ndipo ningependa uanzie, si kwenye Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, ambayo kila mtu anaikimbilia. Una lenzi ya 200 na una mji. Mwezi ukiwa peke yake kwenye lenzi hiyo hautakuridhisha: taswira yake juu ya kihisi haifiki hata milimita 2, wakati kihisi chako kina kimo cha milimita 16 hivi. Lakini ukiuweka nyuma ya kitu chenye kimo kinachojulikana, picha inapata uzito. Chukua kimo cha kitu chochote, zidisha mara 110. Jibu ni umbali ambao kitu hicho kinalingana na Mwezi machoni. Mtu mzima aliyesimama juu ya paa, mwenye kimo cha mita 1.7, analingana na Mwezi ukimpiga kutoka mita 190 hivi. Mnara wa mita 50 unalingana na Mwezi kutoka kilomita 5 na nusu. Ukisogea hadi kilomita 2 kutoka kwenye mnara huo, Mwezi utakuwa karibu theluthi moja ya kimo chake, na huo ndio uwiano ninaoupenda mimi kwa lenzi yako: mnara unajaza sehemu nzuri ya fremu na Mwezi bado unaonekana mkubwa. Wanaopiga mnara kutoka chini yake kwa lenzi pana wanapata nukta nyeupe juu ya jengo, halafu wanashangaa mbona kwa macho ulikuwa mkubwa.

Chagua siku ya Mwezi kutimia. Siku moja kabla, Mwezi hupanda jua bado lipo. Majengo yanakuwa na mwanga mzuri lakini Mwezi wenyewe ni hafifu dhidi ya anga la mchana. Siku moja baadaye hupanda anga likiwa tayari jeusi, na hapo tofauti kati ya Mwezi na jengo inakuwa kubwa mno kwa fremu moja. Siku yenyewe hupanda karibu na machweo, taa za madirishani zikianza kuwashwa, na kwa muda mfupi sana kila kitu kinakuwa na mwanga unaokaribiana. Anza na f/8, ISO 400, shata 1/125, kisha punguza mwanga kadiri Mwezi unavyopanda, maana ukiwa chini kabisa hewa nzito huufifisha na kuutia wekundu. Usichelewe kufika. Kila dakika 2 Mwezi husogea upana wake mzima, kwa hiyo ukikosea pa kusimama una muda wa kukimbia mita chache tu kabla haujapita. Programu kama PhotoPills au Stellarium zitakuonyesha utachomozea wapi na saa ngapi. Stellarium ya kompyuta ni ya bure. Kumbuka pia kwamba karibu na ikweta Mwezi hupanda karibu wima, na kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo unavyopanda kwa mshazari. Mwezi unaoanzia kushoto mwa mnara unaweza kuwa nyuma yake baada ya robo saa, au usifike kabisa, kutegemea uko wapi duniani.

Tuje kwenye nyota, na hapa nitakaa kidogo.

Lengo la kujiendesha (autofocus) halioni nyota. Linatafuta mahali ambapo giza na mwanga vinapakana kwa ukali, na nyota ni nukta ndogo mno kwake, kwa hiyo linapapasa huku na huko kisha linasimama popote. Alama ya umbali usio na mwisho nayo usiiamini, kwanza kwa sababu lenzi yako ya 18–55 huenda haina alama hiyo, na pili kwa sababu lenzi nyingi hujizungusha kupita alama hiyo kidogo. Fanya hivi. Weka kamera juu ya tripodi, zima lengo la kujiendesha, zima pia kitulizaji cha mtikisiko, weka lenzi kwenye 18 na tundu wazi kabisa. Washa skrini ya nyuma. Tafuta nyota kali kuliko zote, au sayari kama Zuhura au Mshtarii; na kama anga lina mawingu, hata taa ya barabarani iliyo kilomita moja au mbili kutoka ulipo inatosha. Bonyeza kitufe cha kukuza mpaka mwisho, mara 10 kwa kamera nyingi, doa lile lijae skrini. Sasa zungusha pete ya lenzi polepole sana. Utaona doa linapungua, linakuwa nukta, kisha linaanza kuvimba tena. Usisimame linapoanza kuvimba; rudi nyuma hadi lilipokuwa dogo kuliko kote. Nenda na urudi mara kadhaa mpaka mkono wako ujue mahali hapo. Kwenye lenzi za bei nafuu kuna dalili nyingine: ukiwa upande mmoja wa lengo doa huwa na ukingo wa zambarau, na ukingo huo hupotea nyota inapokuwa kali.

Ukishapata, bandika kipande cha utepe juu ya pete ili isisogee, na usivute lenzi tena. Hili la kuvuta linawaponza wengi. Mtu analenga kwenye 55 kwa sababu nyota inaonekana kubwa zaidi, halafu anarudi 18 kupiga, na lengo limeshahama kwa sababu lenzi za kuvuta za siku hizi hazishikilii lengo zinapobadilishwa. Lenga kwenye 18, piga kwenye 18. Baada ya saa moja au usiku ukipoa ghafla, kagua tena, maana vyuma na plastiki za lenzi husinyaa kwa baridi. Kagua pia kioo cha mbele kwa tochi. Umande ukishika, nyota zote zinavimba na utadhani lengo limepotea.

Kisha muda. Kama ungefungua shata kwa dakika nzima, mzunguko wa dunia ungezigeuza nyota kuwa vijistari. Wapiga picha wamezoea kanuni ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, upate sekunde. Kwa kihisi kidogo kama chako lazima kwanza uzidishe urefu wa lenzi kwa 1.5 (au 1.6, kutegemea kampuni), kwa hiyo 18 inakuwa 27, na 500 kwa 27 ni sekunde 18. Mimi siipendi kanuni hiyo. Ilitungwa zama za filamu, na vihisi vya leo vina pikseli nyingi zinazofichua hata mchirizi mfupi. Tumia 300 badala yake, upate sekunde 11. Kamera yako itakuwa na 10 na 13. Chagua 10 ukiwa unataka nukta safi, 13 ukiwa unahitaji mwanga. Kwenye 55 hesabu hiyo hiyo inakupa chini ya sekunde 4, na ndiyo maana nakuhimiza ubaki na upande mpana wa lenzi.

Fremu yako ya kwanza iwe hivi: milimita 18, f/3.5, sekunde 13, ISO 3200, faili la RAW (data ghafi ya kamera), kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Utaona chenga, zile punje zinazotapakaa kwenye sehemu za giza, na chenga hizo ndizo zilizomfanya mwenzako aseme kamera ni ndogo. Zisikutishe. ISO haiongezi mwanga, inakuza tu ule uliokwisha kuingia. Chenga ni dalili kwamba mwanga ulioingia ni mchache. Ukishusha ISO hadi 400 halafu ukaangaza picha kwenye kompyuta, chenga zitarudi pale pale na mara nyingi zikiwa mbaya zaidi. Tazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, badala ya kuamini mng'ao wa skrini, kwa sababu gizani skrini hudanganya, kila picha inang'aa. Kilima cha histogramu kikiwa kimeachana na ukuta wa kushoto, una picha.

Dawa halisi ya chenga ni kupiga fremu nyingi za anga lile lile bila kugusa chochote, kisha kuziunganisha. Chenga hubadilika kutoka fremu hadi fremu, nyota hazibadiliki, hivyo programu inapochukua wastani chenga hufutana. Fremu 4 zinapunguza chenga hadi nusu, fremu 16 hadi robo. Sequator na Siril hufanya kazi hiyo bure, na Sequator ina njia ya kuishikilia ardhi isivurugike wakati nyota zinapolinganishwa. Kwa mtu mwenye lenzi ya f/3.5, hili ndilo linalokaribiana zaidi na kununua kamera mpya.

Limebaki anga la chungwa. Hili halina namba ya kuliondoa. Vichujio vya kukata mwanga wa taa vilisaidia sana zama za taa za sodiamu, ambazo hutoa mwanga wa rangi chache tu zinazojulikana. Taa za LED hutoa mwanga wa rangi nyingi kwa pamoja, kwa hiyo kichujio kikizuia taa kinazuia na nyota. Mtazamaji nyota John Bortle alitunga mwaka 2001 vipimo vya ngazi 9 vya giza la anga, ngazi ya 1 ikiwa giza kamili na ya 9 katikati ya jiji kubwa. Ramani za uchafuzi wa nuru zipo mtandaoni na zitakuonyesha eneo lako linakaa ngazi ipi. Njia Nyeupe huanza kuonekana kwa shida kwenye ngazi ya 5, na kwenye ngazi ya 4 tayari inafaa kupigwa. Jambo ambalo ramani haikwambii ni kwamba uelekeo unaweza kuwa muhimu kuliko umbali. Ukiwa upande wa kusini wa mji na unapiga kusini, mwanga wa mji uko mgongoni kwako. Ukiwa mbali zaidi lakini upande wa kaskazini, utakuwa ukipiga kupitia kuba lote la mwanga huo.

Mwezi nao ni taa. Mzunguko wake ni siku 29 na nusu, na usiku wa giza ni zile siku chache kabla na baada ya Mwezi kuandama. Lakini usiupoteze mwezi mzima ukizisubiri: kwa wastani Mwezi huchelewa kupanda kwa dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku 4 au 5 baada ya kutimia tayari una saa za giza mapema usiku. Subiri pia utusitusi wa jioni uishe. Anga huwa jeusi kweli Jua likishashuka nyuzi 18 chini ya upeo, jambo ambalo karibu na ikweta huchukua saa moja na robo hivi, na penginepo hukawia zaidi. Kitovu cha Njia Nyeupe kiko upande wa kundinyota la Mshale, jirani na Nge. Kuanzia Juni hadi Septemba huonekana saa za jioni. Machi na Aprili ni lazima uamke kabla ya alfajiri. Ukiwa kusini mwa dunia au katika tropiki kitovu hicho hupanda juu sana. Kaskazini ya mbali hukaa chini karibu na upeo. Desemba na Januari, badala ya kitovu, piga Jabari. Karibu na nyota 3 za mkanda wake kuna doa la ukungu, hiyo ni nebula, yaani wingu la gesi na vumbi, na lenzi yako kwenye 55, fremu nyingi za sekunde 3, itaionyesha rangi yake ya waridi-zambarau.

Nenda mahali hapo mchana kwanza, ujue mashimo na miti iko wapi, na usiku usiende peke yako. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Tochi nyekundu huyahifadhi, simu huyaharibu mara moja.

Usiku ambao huwezi kutoka mjini bado una kazi. Michirizi ya nyota hufanikiwa hata chini ya anga la chungwa, kwa sababu kila fremu ni fupi na mji haupati muda wa kuiunguza. Simamisha jengo au mti mbele, weka f/5.6, sekunde 15, ISO 200, na kamera ipige mfululizo kwa saa moja au mbili. Kwa saa 2 kila nyota huchora tao la nyuzi 30. StarStaX, nayo ya bure, huziunganisha. Zima kile kipengele cha kamera cha kuondoa chenga kwenye fremu ndefu, maana baada ya kila fremu kamera hufunga shata kwa muda ule ule na michirizi yako itakuwa na mapengo. Na kwa kuwa unapiga mitaa jioni, neno moja la pembeni: ukiona mistari ya giza inayokatiza picha chini ya taa za LED, shata ina kasi kuliko mpigo wa umeme. Palipo na umeme wa hertz 50 tumia 1/50 au 1/100, palipo na 60 tumia 1/60 au 1/120.

Fedha ukiwa nazo, cha kwanza ni tripodi imara. Ile inayoyumba kwa upepo itaharibu kazi yote niliyoieleza hapo juu. Cha pili ni lenzi moja isiyovuta, pana, yenye tundu la f/2 au f/1.8. Kutoka f/3.5 hadi f/1.8 unapata mwanga karibu mara 4, na lenzi hiyo hiyo itakutumikia barabarani usiku. Kamera iwe ya mwisho kabisa kwenye orodha.

Nina ombi moja pia. Utakutana na programu zinazobandika Njia Nyeupe juu ya jiji kwa kubonyeza mara moja. Kuunganisha fremu ulizopiga mahali pale pale usiku ule ule ni ufundi halali. Kubandika anga la jangwani juu ya barabara yako ni kitu kingine, na ukifanya, mwambie anayeitazama. Picha yako ya mnyororo wa nyota 10 hafifu juu ya paa lililo halisi inaeleza kwa usahihi anga la watu wengi wa leo linavyoonekana, na mimi naithamini zaidi.

Ukirudi na faili lako la kwanza la nyota, likuze kwenye kompyuta mpaka pikseli moja ionekane kwa pikseli moja, utazame katikati kwanza, kisha kona. Nyota zote zikiwa madoa ya duara, tatizo ni lengo. Rudia hatua za pete na utepe. Zikiwa vijistari vyote vya mwelekeo unaokaribiana, muda umezidi. Shuka hadi sekunde 10. Zikiwa na mikunjo au zimejirudia mara mbili, tripodi imetikisika. Zikiwa nukta safi katikati lakini kwenye kona zimeota mabawa, hiyo ni lenzi yenyewe ikiwa wazi mno. Funga tundu hadi f/4 au f/4.5, na uongeze idadi ya fremu kufidia mwanga uliopotea.